Masalio ya Rangi: Yafaayo na Yasiyofaa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



 Katibu ameniomba nizungumze juu ya shauri la nne katika orodha ya leo, yaani zawadi ya rangi. Kama mjuavyo, kontrakta mmoja apakaye upya nyumba za kupangisha huko Kilimani na maofisi ya katikati ya mji ametuarifu kwamba yu tayari kukipa chama chetu masalio yote ya rangi yanayobaki katika kazi zake. Mikebe ya kwanza imekwisha kufika, nayo imewekwa katika bohari iliyo nyuma ya shule yetu ya watoto wadogo hapa Kawangware. Wako wanachama wanaosema tuipokee yote, kwa kuwa kitu cha bure hakikaguliwi meno. Wako wengine wanaosema tuirudishe yote, kwa kuwa sisi si jalala la watu wa Lavington. Mimi kazi yangu ni rangi tangu ujana, na kwa idhini yenu nitasema kwamba kila upande una nusu ya haki, na kwamba nusu hizo mbili zimo katika bohari moja, zimepangwa juu ya rafu moja, jambo ambalo halinipendezi hata kidogo.

Yafaa tujue kwanza masalio haya hutoka wapi. Wazee waikumbuka Kilimani na Kileleshwa ya nyumba moja moja katikati ya bustani kubwa. Nyingi za nyumba hizo zimekwisha kubomolewa, na mahali pake pamesimama majumba marefu yenye milango makumi kwa makumi. Kila mpangaji anapohama, kuta hupakwa upya, na gharama yake kwa kawaida hukatwa katika amana aliyoiweka siku ya kuingia. Fundi hununua debe la lita 20, hutumia lita 15 au 16, na zilizobaki hufunikwa na kusukumwa chini ya ngazi. Mpangaji mwingine akitaka rangi ya namna nyingine, hufunguliwa debe jipya. Katikati ya mji mambo ni yale yale, ila huko hupakwa usiku na siku za Jumapili, maofisi yakiwa yamefungwa, na kila kampuni yataka rangi yake yenyewe, kwa hiyo masalio ya huko huwa ya rangi za ajabu ajabu ambazo hakuna mtu angezinunua kwa hiari yake. Kisha kuna Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado twaiita Grogan, penye mafundi wa magari. Rangi ya magari na thina yake ni habari nyingine kabisa, nami nawasihi msiipokee ya namna hiyo hata tone moja.

Sasa natuhesabu, maana chama ni hesabu. Darasa la mita 8 kwa 6, lenye kuta za urefu wa mita 3, lina eneo la ukuta la mita mraba 84. Ukitoa milango na madirisha, zabaki kama 70. Lita moja ya rangi ya maji iliyo nzuri hufunika yapata mita mraba 10 kwa mkono mmoja wa kupaka, na ukuta wetu wahitaji mikono miwili. Basi darasa moja lala lita 14, na madarasa yetu manne lita 56, yaani karibu madebe matatu. Mweka Hazina atawaambia bei ya madebe matatu ya rangi nzuri dukani, nanyi wenyewe mtaipima kwa kiasi cha karo ya watoto ambao wazazi wao wameshindwa kulipa muhula huu. Siwezi kusimama hapa niwaambie kwamba jambo hili ni dogo. Kuta za shule ile zimekuwa nyeusi kwa moshi na mikono, na chokaa ya zamani yaanguka juu ya madaftari.

Rangi ya maji, ile ambayo mafundi huosha brashi zake kwa maji matupu, haiharibiki upesi kama watu wadhanivyo. Ikifunikwa vema katika mahali pakavu hukaa miaka kadhaa. Mkebe ukifunguliwa, fundi atumie pua yake kwanza. Rangi iliyooza hunuka kama yai viza, maana wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wamekwisha kuingia na kuila. Hiyo haifai, hata ukiipaka harufu itakaa ndani ya nyumba. Kama hainuki, aondoe utando wa juu kwa kijiti, autoe mzima asiuvunje ndani, kisha akoroge mpaka chini kabisa kwa muda usiopungua dakika tano. Ikirudi kuwa laini, i hai. Ikibaki na madonge kama uji uliopikwa na mtu mvivu, imekufa, na hakuna maji yatakayoifufua. Ile iliyo hai huchujwa kwa kitambaa chepesi au soksi ndefu ya kike iliyochakaa, hupakwa kidogo juu ya gazeti, na kuachwa mpaka kesho yake. Ikikauka bila kupasuka wala kutoka unga kidoleni, yaweza kupakwa ukutani.

Kuchanganya ndiko kunakotaka akili. Rangi ya ndani na ichanganywe na rangi ya ndani tu. Ile ya nje hutiwa dawa za kuzuia ukungu na kuvu kupita ile ya ndani, kwa hiyo mahali pake ni ukuta wa nje na ua, si chumba ambamo watoto hulala mchana. Yenye kung'aa isitiwe pamoja na isiyong'aa. Na usifikiri kwamba ukichanganya kijani cha benki na zambarau ya saluni utapata rangi ya kupendeza. Utapata rangi ya tope. Njia ya mafundi ni kukusanya zile zilizo nyeupe na za maziwa kando kwa ajili ya mkono wa mwisho, na kuzitia zote nyingine katika pipa moja ziwe rangi moja ya kijivujivu, itumike kwa mkono wa kwanza. Nchi za wenzetu hufanya vivyo hivyo kwa mashine. Katika jimbo la Oregon huko Marekani ilipitishwa sheria mwaka 2009 kwamba watengenezaji wa rangi wenyewe wawe na mpango wa kuyakusanya masalio, na gharama yake iongezwe kidogo katika bei ya kila mkebe. Kazi ilianza mwaka 2010, na majimbo mengine yakafuata. Uingereza nako kuna mpango ambao masalio hugawiwa kwa bei ndogo kwa vyama vya hisani na kwa watu wenye haja. Basi mtu asione haya kupaka masalio. Haya ni kwa yule anayeyamwaga.

Hapo ndipo nakubaliana na wale wanaosema tuipokee.

Nageukia sasa rafu ya upande wa kushoto katika bohari, ambako kuna mikebe ya rangi ya mafuta, mingi yake imetoka vibandiko, na sita kati yake ni ya njano iliyokolea. Nasikia imependekezwa kwamba njano hiyo ipakwe katika madawati na bembea za watoto, kwa kuwa watoto hupenda rangi ya kung'aa. Wazee wangu, kwa heshima yote, hapo nasimama njiani.

Katika rangi za mafuta, tangu zamani, watengenezaji wamekuwa wakitia madini ya risasi. Sisemi ile ya bunduki peke yake. Ni madini yale yale mazito ambayo fundi wa mawe huyatumia katika timazi yake. Risasi huipa rangi mng'ao, huifanya ikauke upesi na kustahimili jua na mvua, na njano iliyokolea pamoja na nyekundu nyingi zilipatikana kwayo. Ubaya wake si habari mpya. Mwaka 1904 daktari mmoja wa Brisbane, Australia, jina lake Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto waliokuwa wakiugua huko walipata sumu kutoka katika rangi ya kuta na vizuizi vya baraza za nyumba zao, kwa kushika na kutia vidole mdomoni. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilifanya mkataba wa kuzuia risasi nyeupe isitumiwe katika kupaka ndani ya majumba. Marekani haikuipiga marufuku katika rangi za nyumbani mpaka mwaka 1978. Mtaona kwamba tangu kujua hadi kutenda ilipita miaka zaidi ya sabini, na katika muda huo wenye kuuza hawakukosa la kusema.

Nasi je? Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya mwaka 2006, na hilo lilikuwa jambo jema sana. Kwa upande wa rangi, kiwango cha Kenya ni kwamba risasi isizidi sehemu 90 katika milioni. Lakini kabla hakijatiliwa nguvu, rangi za mafuta zilizouzwa madukani zilipopimwa zilikutwa nyingine zikiwa na risasi kupita kiwango hicho mara nyingi sana, na njano ndiyo iliyozidi mara kwa mara. Mkebe usio na kibandiko hausemi umri wake. Yawezekana ulinunuliwa mwaka jana, yawezekana umekaa chini ya ngazi tangu enzi za Halmashauri ya Jiji. Jicho halioni risasi, pua hainusi, na ulimi ukiionja hukuta utamu kidogo, ambao ndio humfanya mtoto arudie.

Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa hakina madhara. Ikiingia mwilini hujifanya ndugu wa chokaa ya mifupa, ikahifadhiwa humo miaka mingi, na mama mwenye mimba huipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hata tano kuliko mtu mzima, na mwenye utapiamlo hufyonza zaidi. Haimwangushi kwa siku moja. Humpunguzia akili na usikivu kidogo kidogo, mwalimu akasema mtoto huyu ni mzito, mzazi akasema ni mkaidi, na hakuna amjuliaye sababu. Mwaka 2007 ilitolewa taarifa ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira juu ya jalala la Dandora. Walipimwa watoto 328 waishio karibu na hapo, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kwa kiasi kilichofikia au kupita mpaka uliokubaliwa wakati ule. Dandora iko mashariki, nasi tuko magharibi, lakini taka za Kilimani na za katikati ya mji huishia huko, na mikebe ya rangi imo ndani yake.

Wapo watakaosema: sisi tumekaa katika nyumba za rangi hizo tangu utoto na tungali wazima. Ni kweli, na namshukuru Mungu kwa ajili yenu. Lakini mzee ambaye angekuwa hodari zaidi kuliko alivyo hawezi kujua alichopungukiwa, wala mimi siwezi kumwonyesha.

Vilevile msidhani kwamba kila jambo liitwalo kutumia tena ni jema kwa sababu ya jina lake. Huko Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Kilifungwa mwaka 2014, baada ya watu wengi kuugua, na watoto kati yao. Bibi Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alipatwa, ndiye aliyeongoza vita vya kijiji kile, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, shauri likaendelea tena katika rufani. Kiwanda kile nacho kilikuwa kikiokoa taka.

Kwa hiyo maoni yangu juu ya rangi ya mafuta ni haya. Yenye kibandiko kinachosomeka, jina la mtengenezaji, na maandishi kwamba haina risasi, ipakwe katika lango la chuma na mabati ya bohari. Isiyo na kibandiko isifunguliwe. Madawati na bembea zipakwe rangi mpya ya maji, iliyonunuliwa dukani kwa risiti. Na kabla ya kupaka, rangi ya zamani iliyomo madirishani isikwanguliwe kwa msasa mkavu. Iloweshwe maji kwanza, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, na watoto wasiwepo mpaka sakafu ioshwe. Fundi atakayekataa kulowesha kwa kuwa ni kazi ya kuchelewesha, na atafutwe mwingine.

Mbao kuukuu za milango na madirisha yaliyopakwa rangi nazisema peke yake, kwa kuwa nimeziona zikiuzwa kama kuni. Mama zetu wanaochoma mahindi na kuchemsha githeri kando ya barabara hununua kuni zilizo rahisi, wala sina lawama juu yao. Lakini mbao hizo zikiungua, risasi iliyomo hutoka na moshi na kubaki katika majivu, na majivu hutupwa pale pale watoto wanapochezea. Nawaombeni wanachama wenye maduka ya kuni wasizipokee.

Jambo la ndoo pia. Ndoo za plastiki za lita 20 zilizokuwa na rangi huuzwa katika kila soko la mtaa, na katika nyumba nyingi za Kawangware na Kangemi ndizo za maji ya kunywa, kwa kuwa mfereji hautoi kila siku. Hata ikisuguliwa kwa mchanga mpaka ing'ae, ndoo hiyo haikufanywa kwa ajili ya chakula, na plastiki hunywa kilichomo. Na iwe ya kufulia, ya kuchanganyia simiti, au ya kupandia sukuma. Ndoo ya uji wa watoto wa shule yetu niliitazama wiki iliyopita, nayo ina chapa ya rangi ubavuni. Nimemwomba mwalimu mkuu aibadilishe, naye amekubali, ila hana fedha za nyingine. Nataraji mkutano huu hautatoka kabla halijatengenezwa.

Yabaki yale yasiyofaa. Mtaro wa Kawangware hauendi penye mtambo wa kusafisha, waenda mtoni. Vijito vya Kirichwa hushuka kupitia Lavington na Kilimani, huingia Mto Nairobi, na mto ule hufuata Athi mpaka Sabaki, ukamwagika baharini karibu na Malindi. Fundi aoshaye brashi mtaroni Kangemi amewapelekea wavuvi wa pwani salamu zisizotakiwa. Brashi ifutwe kwanza kwenye gazeti mpaka isitoe rangi, kisha ioshwe katika ndoo mbili moja baada ya nyingine. Maji ya ndoo ya kwanza huachwa yatulie usiku, ya juu yakatumika tena kesho, na matope ya chini huanikwa yakauke. Tapentaini nayo hutulia vivyo hivyo. Iliyo safi humiminwa juu na kutumika tena, nami nimetumia chupa moja miezi mitatu. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe pembeni, maana huweza kuwaka moto vyenyewe bila kiberiti. Na vitandazwe nje vikauke. Rangi ya maji iliyokufa ichanganywe na mchanga au unga wa mbao, iachwe wazi mahali pasipo watoto wala mvua mpaka iwe kama jiwe.

Rangi ya mafuta iliyokufa si ya kutupwa nasi. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao Kenya imo ndani yake, wahesabu masalio ya rangi na vanishi katika orodha ya taka zinazotakiwa kuangaliwa kwa hadhari, na sheria yetu ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 yataka taka zitenganishwe tangu zinakotoka na mtengenezaji abebe wajibu wa kile alichokiuza. Kwa hiyo naona ni haki tumwandikie kontrakta kwamba twashukuru, twapokea rangi ya maji iliyo na kibandiko, na kwamba ile ya mafuta aichukue mwenyewe kwa mtu mwenye leseni ya Mamlaka ya Mazingira, NEMA. Kama zawadi yake ni zawadi, hatakasirika. Kama alikuwa anatafuta mahali pa kutupia, ni vizuri tujue mapema.

Bwana Mwenyekiti, naomba shauri hili lipigiwe kura kwa sehemu mbili, rangi ya maji peke yake na ya mafuta peke yake. Vijana wawili wamejitolea kuja nami Jumamosi saa mbili asubuhi tuikague na kuichuja ile ya maji. Mikebe sita ya njano nimeifunga kwa waya, na ufunguo wa bohari uko kwa Katibu.